Nyumba ya vyumba nane, LUKU moja: tugawane vipi umeme bila kugombana?

Mpangaji wa Tabata

Habari zenu wakuu. Naomba ushauri, hasa kwa waliowahi kusimamia nyumba za kupanga.

Nyumba yetu ipo Tabata, vyumba nane, LUKU moja. Mama mwenye nyumba anaishi Tanga, na tangu Januari amenikabidhi mimi kukusanya hela ya umeme kwa kuwa ndiye niliyekaa hapo muda mrefu. Kila wiki mbili kila chumba kinatoa elfu tano. Zamani zilitosha, sasa umeme unaisha siku ya kumi.

Chumba cha pili dada anauza barafu na juisi ya ukwaju, friji haizimwi. Chumba cha nne wananyoosha sare za watoto watatu kila asubuhi. Cha mwisho yupo kijana wa bodaboda, ana taa moja na chaji ya simu, anarudi saa 5 usiku. Juzi kaniambia, "Dada, mimi nawagandishia watu barafu." Sikuwa na jibu, kwa sababu ni kweli. Mwezi huu hajatoa, na wengine wawili wamemfuata.

Alhamisi usiku mita ikaanza kulia, kila mtu kajifungia kwake, kimya. Umeme ukakatika, mtoto mchanga wa chumba cha sita analia kwa joto. Nikanunua kwa hela yangu, nikasimama kibarazani na tochi ya simu naingiza zile namba 20. Hakuna aliyefungua mlango mpaka feni zilipozunguka.

Hiyo ni mara ya tatu. Wapo wanaosema asiyelipa akatiwe waya. Sitaki kufika huko, lakini nami nina watoto wa kulisha. Nifanyeje?

Fundi wa Mbagala

Pole sana dada. Fungeni mita ndogo kila chumba, mzisome kila mwisho wa mwezi. Ila kabla ya kununua chochote, fundi aangalie kama kila chumba kina laini yake. Nyumba nyingi za zamani vyumba viwili vitatu vinakula waya mmoja, ukifunga mita hapo unamlipisha mtu umeme wa jirani, na ugomvi utakuwa mkubwa kuliko wa sasa. Taa za nje, za chooni na pampu ni za wote. Jumla ya mita ndogo haitafika ya LUKU, ile tofauti gawaneni sawa.

Mama wa Watatu

Mdogo wangu, nimeuza barafu miaka mingi, najua upande wa huyo dada. Usimwanzie mbele ya wapangaji wote, ataona mnaionea wivu biashara yake. Mfuate peke yake, kaa naye na kalamu. Friji ikila uniti moja na nusu kwa siku, mwezi ni uniti 45. Kwa bei ya elfu kumi kwa uniti 28, hiyo ni kama elfu 16, friji peke yake. Yeye anatoa elfu kumi kwa mwezi, na humo ndani mna taa, feni na runinga. Mimi nilipopigiwa hesabu hiyo nilinyamaza, nikaongeza.

Mkazi wa Temeke

Kwa nini msimwombe mwenye nyumba kila chumba kiwe na LUKU yake? Kuna bei ya wateja wadogo, wasiozidi uniti 75 kwa mwezi, shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi. Familia nane kwenye mita moja hamuwezi kuingia humo, mnalipa 292. Anayeumia zaidi ni huyo kijana mwenye taa moja.

Mzee wa Mwananyamala

Mkazi wa Temeke yuko sahihi, ila hiyo ni gharama ya mwenye nyumba na inachukua muda. Wewe binti yangu unahitaji umeme sasa.

Nimesimamia vyumba 12 kwa miaka sita. Waya usimkatie mtu, hiyo si kazi ya mpangaji, na akiumia utajibu wewe. Hela usishike peke yako. Ukinunua, ule ujumbe wa LUKU wenye kiasi na uniti utume kwenye grupu la nyumba saa ile ile, na majina ya waliotoa. Mimi niliandika kwenye daftari nikaliweka kabatini, nikadhani uaminifu wangu unatosha. Nilikuja kuitwa mwizi mbele ya mjumbe, na senti yao sikuila. Mwambie pia mwenye nyumba suala la umeme aliandike kwenye mkataba wa kila anayeingia.

Mpangaji wa Tabata

Asanteni sana, Mzee shikamoo. Leo jioni nimekaa na dada wa barafu kama alivyosema Mama wa Watatu. Mwanzoni alinuna, tukapiga hesabu, amekubali elfu 25 kwa mwezi mpaka mita zifungwe. Kijana wa bodaboda nimemshusha hadi elfu nne, kalipa hapo hapo. Jumapili saa 4 fundi anakuja kukagua laini, na nimewaomba wote wawepo vyumbani mwao.

Fundi wa Mbagala, hizo mita ndogo, ni za aina gani ninunue?