Tupeane uzoefu: "Dini zote ni sawa", unaiamini kweli au unaisema tu yaishe?

Wakuu, habari za jioni. Mimi ni Mmakua wa Masasi, nipo Mtwara mjini kikazi. Wiki chache nyuma tulizika mjomba wangu kijijini, na tangu siku hiyo kuna swali halinitoki.

Mjomba alibatizwa Anglikana akiwa mtoto. Alipooa alisilimu, watoto wake wote ni Waislamu. Uzeeni alirudi kuishi jirani na dada zake, na Jumapili nyingine alionekana kanisani, kiti cha nyuma. Hakumweleza mtu kitu. Sasa kafa. Asubuhi uani seremala anapiga randa mbao za jeneza alizoagizwa na mama mkubwa, na huku mtoto wake wa kwanza anaingia getini na sanda kwapani. Mnajua kwetu upande wa mama ndio wenye neno, kwa hiyo halikuwa jambo dogo.

Mzee mmoja akasimama akasema, "Jamani, Mungu ni mmoja, dini zote ni sawa." Wote tukatikisa vichwa. Na hakuna aliyesogea hata hatua! Kama ni sawa, mbona hakuna upande uliosema basi chukueni nyinyi?

Mwisho akaulizwa mjane. Akasema usiku wa mwisho marehemu alitoa shahada, yeye alikuwepo. Mama mkubwa alinyamaza kama dakika tano, kisha akamwambia seremala, "Zikate." Zile mbao za jeneza ndizo zilizofunika mwanandani, ule uwazi wa kaburini anamolazwa maiti wa Kiislamu.

Haya, aliyekulia nyumba ya dini mbili, aliyeoa nje, aliyehama, leta kisa chako. Aya peke yake bila kisa hapana.

Binti Mikindani
Mimi ni Mwislamu, mume wangu Mkatoliki. Kanisani nilikataa kwenda, na msikitini binti wa Kiislamu kuozwa kwa Mkristo hakupo. Tukaenda bomani, Sheria ya Ndoa ya 1971 inaruhusu. Tatizo ni zile siku 21 za tangazo. Siku ya nne tu baba ameshapewa habari na watu watatu tofauti.

Nikamwambia kwa kujiamini, baba, dini zote zinaelekea kwa Mungu mmoja. Akaniangalia akasema: "Ikiwa ya kwake ni sawa na yangu, basi mimi miaka yote hii naamka alfajiri kufanya mazoezi ya viungo?" Sikuwa na jibu, na mpaka leo sina.

Lakini hakunitupa. Baba alipokuja kwetu mara ya kwanza, mume wangu alinunua sufuria mpya, akaiacha na karatasi yake ya dukani ili mzee aione. Baba akala. Mpaka kesho hajasema ndoa yangu ni sahihi, na kila akija anakula.

Mla Ming'oko
Uzoefu wangu: Idi pilau, Krismasi pilau. Sina la kuongeza.

Mwalimu Mstaafu, Ndanda
Mnahesabu dini mbili tu, mnanishangaza. Ya tatu mmeificha uvunguni.

Babu yangu alikuwa Mkristo wa misheni. Masasi ilianzishwa na Askofu Steere mwaka 1876, akiwaleta watu waliokombolewa utumwani. Baadaye Vincent Lucas, aliyekuwa askofu wa kwanza wa Masasi mwaka 1926, aliliona jando haliwezi kufutwa, akaliingiza kanisani: vijana wanakwenda porini vilevile, ila kuna sala na padri. Babu alipita jando hilo na alijivunia. Lakini mvua ikichelewa nilimwona kwa macho yangu anashika unga wa mtama, anaumwaga kidogokidogo chini ya mti nyuma ya nyumba, anataja majina ya waliotangulia. Jumapili anapokea komunyo. Nilipomuuliza ipi ni ya kweli alinijibu kwa Kimakua kwamba Muluku, yaani Mungu, hana njaa ya majina.

Na tazameni jina lenyewe. Mmakua anasema Muluku, Myao Mulungu, Mmakonde Nnungu. Misikiti na makanisa yalipofika yalilikuta neno lipo, yakalichukua. Leo padri na shehe wote wanasema Mungu, na hakuna anayeuliza lilitoka kwa nani. Mkijadili usawa wa dini mtukumbuke na sisi wenye mti.

Mlokole wa Nachingwea
Mwalimu samahani, mimi mti huo siukubali. Nilikataa kumsindikiza mtoto wa dada yangu unyagoni, nikaeleza sababu kwa upole kabisa. Dada hakunisemesha miaka mitatu. Mwenzenu nimelipa bei ya kusema si sawa, kwa hiyo wale wanaosema ni sawa wanieleze wamelipa nini.

Ustadhi Mkulima
Nitoe aya na kisa pamoja, mwenye uzi asinifukuze. Qurani 3:85 inasema anayetafuta dini isiyo Uislamu haitakubaliwa kwake. Yohana 14:6 Yesu anasema mtu haji kwa Baba ila kwa njia yake. Sasa anayesema vitabu hivi vinasema kitu kimoja, hajasoma hata kimoja.

Kisa: mimi na jirani yangu katekista tuna mashine moja ya kupulizia salfa kwenye mikorosho, tumeinunua kwa shirika. Msimu mmoja mashine iliziba, tukakaa chini ya mkorosho tunaifungua, mada ikaja. Akaniambia mwaka 1965 mtaguso wa Vatikani, yaani mkutano mkuu wa maaskofu, ulitamka kwamba Kanisa Katoliki halikatai lolote lililo kweli na takatifu katika dini nyingine. Nikamuuliza, kwa hiyo yangu ni sawa na yako? Akafikiri, mikono ina mafuta, akasema, "Hapana. Ina kweli ndani yake, ila utimilifu uko kwa Kristo." Nikamwambia nami nakuombea uongoke kabla hujafa. Akasema asante.

Mimi naamini yule aliyeniambia hapana kuliko anayeniambia zote sawa halafu akifika kwake ananiita kafiri. Qurani hiyohiyo 2:256 inasema hakuna kulazimisha katika dini, na hilo halihitaji kwanza tukubaliane nani yuko sahihi. Mashine ilipona, tukaanza na shamba lake.

Mla Ming'oko
Ustadhi, salfa ya mwaka huu imebaki? Naulizia tu.

(Mwenye uzi)
Nashukuruni wote. Binti Mikindani, maneno ya mzee wako nimeyapeleka kwa mama mkubwa, amecheka mpaka kakohoa.

Arobaini ya mjomba ni wiki ijayo. Mama mkubwa amesema mchele wote unatoka kwake, na kuku wachinjwe na mtoto wa marehemu ili kila mtu ale. Nikamuuliza kama ataingia ndani wakati wa dua. Akasema atabaki uani anachambua mchele. Nikamuuliza kwani kuna ubaya gani. Akasema, "Nikiingia nitaitikia amina, na sijui nimeitikia nini. Hapa nje ndugu yangu namwombea kwa ninayoyajua."