Mama ana saratani ya pafu: je, tumpe unga wa "kuamsha seli shina"?

BintiMakete: Ndugu zangu, naomba ushauri. Mama yangu ana miaka 61 na amepikia kuni tangu utoto wake, katika jiko ambalo madirisha yake hufungwa wakati wa baridi ya Juni na Julai. Aliwahi kuugua kifua kikuu akapona. Mwezi uliopita alichukuliwa kinyama, yaani kipande kidogo cha pafu cha kupimwa, katika hospitali moja jijini Mbeya, na majibu yakaonesha saratani ya pafu, ambayo daktari alisema imeanzia kwenye seli zilezile zinazokarabati pafu linapoumia. Sasa jirani anatuuzia unga anaodai huamsha seli shina, yaani seli zinazogawanyika na kuzaa seli mpya za kukarabati mwili, na baba anataka kuuza ng'ombe ili tuununue. Je, tumpe mama?

Tabibu_wa_Nyanda: Pole sana, dada. Msiuze ng'ombe kwa ajili ya unga huo. Ndani ya vifuko vya hewa kuna seli zinazotoa utelezi unaozuia vifuko hivyo kushikamana, na pafu likiumia seli hizo hugawanyika, kisha baadhi yake hugeuka kuwa seli nyembamba zinazopitisha oksijeni. Kazi ikiisha, hutulia. Zikiwa na kasoro katika jeni (maelekezo ya urithi ndani ya seli) kama KRAS au EGFR, zinazoongoza ugawanyikaji wa seli, huku moshi ukichokoza pafu kila siku, zinaweza kuendelea kugawanyika bila kutulia. Watafiti wa London walionesha mwaka 2023 kwamba kasoro hizo zipo hata kwenye mapafu yasiyo na saratani: kasoro za KRAS zilipatikana katika asilimia 53 ya sampuli walizopima, na za EGFR katika asilimia 18. Katika panya, chembe za hewa chafu zilizifanya seli za kinga za pafu kutoa kemikali ya uvimbe (ule wa kinga ya mwili ikichokozwa, si uvimbe wa saratani) iitwayo interleukini-1 beta, na kemikali hiyo ndiyo iliyoziamsha seli zenye kasoro. Kwa hiyo hata kama unga ungefanya anachodai muuzaji, kuamsha seli hizo ndicho tusichokitaka kwa mama.

BintiMakete: Asante, kaka. Nimekuwa nikijilaumu, nikidhani dawa za kifua kikuu nilizomsimamia kumeza ndizo zilizosababisha.

Tabibu_wa_Nyanda: Hapana, usijilaumu. Dawa hizo zilimwokoa. Makovu na uvimbe wa muda mrefu unaoachwa na ugonjwa wenyewe ndivyo vinavyohusishwa na ongezeko la hatari ya saratani.

MamaK_Mufindi: Mwanangu, nilimuuguza dada yangu kwa ugonjwa huu. Mwulizeni daktari kama kinyama kilichobaki kinaweza kupimwa jeni ya EGFR, kwa sababu wagonjwa wenye kasoro hiyo wana vidonge vinavyoilenga. Mtajieni pia kila dawa ya kienyeji ambayo mama amekwisha kunywa, hata ikiwa mnaona aibu. Fedha ya ng'ombe iwe nauli na gharama za vipimo, na kuanzia leo mtu mwingine apike, mama akae chumba kisichofikiwa na moshi.