Bunduki ya kwanza ya jeshi la zamani: nikague nini kabla ya kulipa, na usafi nianzie wapi?

Mgeni_wa_Mtutu:

Wakuu, salaam. Kibali cha kumiliki kimeshatoka, sasa nachagua bunduki yangu ya kwanza iliyotoka maghala ya jeshi. Zimebaki mbili.

Ya kwanza ni Mosin-Nagant 91/30 ya Izhevsk, 1943. Imejaa grisi nzito ya ghalani mpaka kwenye mbao. Namba ya bolti (kifungio cha nyuma ya mtutu) imepigwa upya ilingane na ya mtutu. Mdomoni nikimulika tochi naona sehemu ya mbele haina mifuo (mikato ya mzunguko ndani ya mtutu) kabisa, mifuo inaanza kama sentimita 2 ndani.

Ya pili ni Lee-Enfield No. 4 Mk I. Mtutu unang'aa, mbao nzuri, lakini namba ya bolti hailingani na ya mwili wa bunduki, na kichwa cha bolti kina namba 3.

Maswali: (1) Ipi salama zaidi kwa anayeanza? (2) Hiyo mifuo iliyokosekana mdomoni ndiyo mtutu umekwisha? (3) Mbao za Mosin nataka kuzipiga msasa na vanishi zing'ae. Kuna ubaya?

---

FundiGeji:

Karibu mkuu. Nianze na la pili, maana linawatisha wengi bila sababu. Ulichokiona si kuchakaa, ni kazi ya karakana. Bunduki hizi zilisafishwa miaka mingi kwa fimbo za chuma zilizoingizwa kutokea mdomoni, zikala ukingo. Mafundi wa Kisovieti hawakuwa na haja ya kutupa mtutu mzima. Walipanua tundu la mbele hadi wafike kwenye mifuo mizima, risasi ikapata ukingo mpya ndani. Ukitazama vizuri juu ya chemba (mahali risasi inapokaa) huenda ukakuta pia mraba wenye mstari wa mshazari, alama ya karakana iliyoikarabati. Pembetatu yenye mshale ndiyo Izhevsk. Ingekuwa Tula ungeona nyota.

Kwa hiyo usitumie kile kipimo cha mtaani cha kuchomeka ncha ya risasi mdomoni uone imezama kiasi gani. Kwa mtutu uliopanuliwa hivi, risasi itazama yote hata kama mifuo ni mipya. Kagua hivi: toa bolti, hakikisha kwa macho na kwa kidole kwamba chemba ni tupu, pitisha kitambaa chenye mafuta mepesi, kisha kikavu, halafu mulika tochi kutokea upande wa chemba. Grisi iliyokauka huficha vishimo, na muuzaji anayekataa usipitishe hata kitambaa kimoja amekwisha kukujibu. Weusi kwenye mabonde ya mifuo unavumilika. Usichokitaka ni kingo za mifuo zilizoviringika, au uvimbe wa duara unaoonekana kama pete ya kivuli ndani ya mtutu. Pete hiyo ina maana mtutu uliwahi kufyatuliwa ukiwa na kizuizi. Achana nao.

Sasa Lee-Enfield. Mbao nzuri na mtutu unaong'aa visikuzuge. Bolti ya Lee-Enfield hujifunga kwa vibana vilivyo nyuma, na vilisawazishwa na mwili wa bunduki husika mpaka vyote viwili vibebe mzigo sawa. Ndiyo maana namba hulinganishwa. Bolti ya kuazima inaweza kugusa upande mmoja tu. Kichwa namba 3 ndicho kirefu kuliko 0, 1 na 2. Fundi hukiweka pale vifupi vinaposhindwa kuziba nafasi kati ya uso wa bolti na risasi iliyokaa chembani. Peke yake si kosa, lakini pamoja na bolti isiyo yake ni sababu ya kudai geji (kipande cha chuma kinachowekwa chembani kupima nafasi hiyo) kabla ya pesa.

Kwa .303, risasi ya Lee-Enfield, geji ya kupita ni inchi 0.064 na ya kukataa ya kijeshi ni 0.074. Bolti lazima ifunge juu ya ya kwanza na isifunge juu ya ya pili. Toa kichomoa ganda kwanza, futa chemba na uso wa bolti, kisha funga kwa nguvu ya vidole viwili tu. Ukiisukuma kwa kiganja hata geji sahihi itakudanganya, na unaweza kuikwaruza. Nafasi ikizidi, ganda hunyooka kila risasi inapolipuka na mwisho hukatika karibu na kitako chake, gesi ikarudi nyuma.

Mosin nayo hupimwa, kwa geji za risasi yake, 7.62x54R. Ni ganda lenye ukingo kama .303, kwa hiyo kipimo kinasimama kwenye unene wa ukingo, si kwenye bega la ganda. Ongeza kupima pini inayopiga fataki (kiwashio kilicho kitakoni mwa risasi): bolti ikiwa imefyatuliwa, ncha itokeze kati ya milimita 1.9 na 2.4. Kile kibisibisi bapa cha Mosin kina mapengo mawili yenye namba 75 na 95 kwa kazi hiyo hiyo. Pengo la 95 lipite bila kugusa ncha, la 75 liguse. Ikitokeza mno hutoboa fataki na kukurushia gesi usoni. Ikipungua, bunduki inagoma. Hurekebishwa kwa kuzungusha pini ndani ya kipande cha nyuma cha bolti, nusu mzunguko kwa nusu mzunguko, mpaka mkato wa nyuma ya pini ulale sawa na alama.

Kwa jibu fupi: Mosin, ikipita geji.

---

Kitani_na_Mbao:

Nakubaliana na FundiGeji. La tatu niachieni mimi. Msasa hapana, ndugu yangu.

Mihuri ya kiwanda na ya karakana iliyopigwa kwenye kitako ndiyo historia ya bunduki, na ndiyo thamani yake. Mipigo mitatu ya msasa inaifuta. Halafu mbao ikipungua milimita moja, bamba la chuma la kitako na kingo za mwili wa bunduki zinabaki zimejitokeza juu ya mbao. Kila anayejua ataona papo hapo kwamba imeparuliwa. Na kwa ndani ndiyo mbaya zaidi. No. 4, kwa mfano, ilijengwa ili mbao ya mbele isukume mtutu juu karibu na mdomo kwa nguvu ya takriban kilo 1 hadi 3. Paruza hapo, risasi zitatawanyika na utalaumu mtutu.

Utaratibu wa grisi:

Tenga mbao na chuma kabisa. Chuma loweka au sugua kwa mafuta ya taa, nje au penye hewa, bila moto wala sigara karibu. Petroli usiiguse: mvuke wake huwaka kwa cheche ndogo na mafuta ya taa yanafanya kazi ile ile. Bolti ifungue hadi pini na springi, kwa sababu grisi iliyoganda ndani ya mwili wa bolti hupunguza mwendo wa pini na bunduki ikagoma kwenye baridi. Malizia kwa maji ya moto, kausha mara moja, paka mafuta mepesi. Chuma kilichooshwa grisi kiko uchi. Kikilala usiku mmoja bila mafuta utakuta vumbi la kahawia.

Mbao zinataka joto. Zifunge kwa karatasi za kufyonza au matambara, ingiza kwenye mfuko mweusi wa plastiki, anika juani. Grisi itatoka jasho. Futa, badilisha karatasi, rudia hadi zitoke kavu. Oveni si mahali pake: mbao hupasuka kwenye nyuzi zake, na harufu hiyo haiondoki kirahisi.

Kabla hujapaka chochote, jaribu tone la spiriti sehemu iliyofichika chini ya bamba la kitako. Ikinata, hiyo ni shelaki (aina ya vanishi ya asili), ambayo ndiyo mipako ya kawaida ya Mosin zilizopita karakana za Kisovieti. Iache. Palipobanduka pashike kwa shelaki hiyo hiyo. Vanishi ya fenicha juu yake huonekana kama pipi.

Kama mbao ni ya mafuta, tumia mafuta ya kitani: tone la ukubwa wa sarafu, sugua kwa kiganja mpaka pawe na joto, baada ya dakika 15 hadi 20 futa yote yaliyobaki juu, ngoja siku nzima kabla ya mkono wa pili. Ukiyaacha mazito yatanata kwa wiki. Na tafadhali: tambara lenye mafuta ya kitani likikunjwa na kutupwa kwenye ndoo hujipasha joto lenyewe hadi kuwaka. Litandaze nje likauke, au lizamishe kwenye maji.

Mbonyeo (si mkwaruzo, mbonyeo) huinuka kwa kitambaa chenye maji na pasi ya moto, sekunde chache kila mara. Nyuzi zilizokatika hazirudi.

---

Kutu_Nyeusi:

Nyongeza kuhusu chuma, kwa sababu naona wengi wanakimbilia siki. Siki huondoa kutu na huondoa pia ule weusi wa asili, ukabaki na chuma cheupe. Kutu ya juu juu isugue kwa stiliwaya laini kabisa, namba 0000, ikiwa imelowa mafuta. Vipande vidogo vyenye kutu nyekundu unaweza kuvichemsha kwenye maji yaliyochujwa kwa mvuke kwa nusu saa hivi. Kutu nyekundu hugeuka nyeusi, unaisugua kidogo, unapaka mafuta. Utapata weusi unaofanana na ule wa zamani bila kuongeza rangi.

Mikwaruzo ya mashine kwenye Mosin ya 1943 usiifute. Vita vilikuwa vinawaka, kiwanda kiliruka hatua ya kung'arisha. Ilitoka hivyo.

Kama siku moja utahamia Lee-Enfield No. 1 Mk III, usifungue boliti ndefu ya kitako kabla ya kutoa mbao ya mbele. Ncha yake ya mraba imekaa kwenye kibamba kilicho ndani ya mbao hiyo, ukizungusha, unaipasua.

---

Mgeni_wa_Mtutu:

Asanteni sana wakuu. Nachukua Mosin, geji kwanza. Muuzaji ana risasi za zamani za ghala pia. Nimesikia zinakula mtutu na dawa yake ni amonia?

---

FundiGeji:

Baruti haina shida, shida ni fataki. Za zamani nyingi zina klorati ya potasiamu. Ikiungua inaacha kloridi ya potasiamu, chumvi kabisa, inayovuta unyevu wa hewa. Mtutu unaweza kuota kutu ndani ya siku moja penye unyevu. Amonia huyeyusha shaba ya risasi, chumvi haiigusi, na mafuta ya bunduki hayaiyeyushi. Maji ndiyo dawa. Siku ile ile ya kufyatua, mimina maji ya moto kutokea chemba, pitisha brashi, futa uso wa bolti na ncha ya pini (hapa ndipo watu husahau), kausha hadi kitambaa kitoke kikavu, paka mafuta. Kagua tena kesho yake. Kitambaa kikitoka cha kahawia, rudia maji.

---

Kitani_na_Mbao:

Na bolti ikianza kugoma kuinuka baada ya risasi kadhaa, usiipige nyundo. Ielekeze bunduki pale pale kwenye shabaha mpaka iwe tupu, kisha ijaribu bila risasi. Ikiwa nyepesi ikiwa tupu, grisi imebaki kwenye kuta za chemba na joto limeifanya gundi: brashi ya shaba inayokaza kwenye chemba, mafuta ya taa, zungusha kwa mkono, futa, rudia. Ikiwa nzito hata tupu, kumbuka Mosin hukoki (huvuta springi ya pini tayari kufyatua) wakati wa kuinua mkono wa bolti, kwa hiyo uzito fulani ni wa kawaida. Safisha tu mteremko wa kukokia na upake grisi kiduchu.