Tupeane uzoefu: uliyefundishwa na mpiga tarumbeta wa kwanza wa okestra kubwa, nini hakijakutoka kichwani?

Pumzi Fupi: Wakuu, jana nimesikia mwanzo wa Simfoni ya 5 ya Mahler nikajikuta nimekaa wima kama askari. Mnaujua: tarumbeta peke yake, noti tatu za haraka halafu moja ndefu, okestra nzima kimya inakusikiliza wewe. Mwalimu wangu alinishikilia hapo somo zima. Saa nzima, noti nne! Nilikuwa nazipiga sawasawa kama saa ya ukutani. Akaniwekea kidole pale Mahler alipoandika kwamba hizo tatu ziende mbiombio kidogo, kama tarumbeta za jeshini. Kisha akainua ya kwake, akapuliza mara moja tu. Nikafunga sanduku langu.

Domo Kavu: Wangu alikuwa ananiimbisha kwanza. Na sauti yenyewe hii!

Kiti cha Tatu: Kuimba ndiyo siri. Ile kanuni ya "wimbo na pumzi" ya Herseth, mpiga tarumbeta wa kwanza wa okestra ya Chicago.

Tuba Tu: Kiti, hiyo ni ya Arnold Jacobs, mpiga tuba. Herseth alikuwa jirani yake tu.

Kiti cha Tatu: Si okestra ile ile? Tofauti iko wapi?

Tuba Tu: Tofauti ni kwamba nyie wa tarumbeta mnajibebea kila kitu.

Nyuma ya Pazia: Acheni ugomvi, niwape yangu. Leonore Namba 3, ule muziki wa Beethoven wa kufungulia opera, tarumbeta inapigwa nje ya jukwaa, mara mbili. Mwalimu alinipa nafasi hiyo, yeye akaja kusimama nyuma yangu gizani. Nilikuwa namfuata kondakta kwenye kiskrini kidogo ukutani. Ya kwanza nikaipiga, safi. Tunangoja ya pili, kiskrini kikazima. Mlango umerudishwa, okestra naisikia kama iko chini ya maji. Na kuhesabu nilishaacha zamani, si nilikuwa na kiskrini! Jasho likaingia machoni. Nikainua tarumbeta kwa woga, ili tu nionekane nafanya kitu. Mzee akaubana mkono wangu, akaushusha. Akaanza kunigonga begani kwa kidole, polepole, pigo kwa pigo. Sijui alianzia wapi kuhesabu. Ghafla kidole kikaacha, nikasikia anavuta pumzi, ile pumzi kubwa ya tumboni, nami nikavuta naye. Nikapiga. Ikaingia mahali pake! Tulipotoka akaniuliza, "Ulikuwa unahesabu?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Muongo," akaenda zake.

Domo Kavu: Daah.

Pumzi Fupi: Mkuu mimi ningekimbia na tarumbeta yenyewe.

Kiti cha Tatu: Sasa ya pili ulipiga kwa nguvu kuliko ya kwanza au sawa? Wangu alisisitiza ya pili isikike kama mpulizaji amesogea karibu.

Nyuma ya Pazia: Ndugu yangu, nilipiga kwa kumshukuru Mungu.

Valvu Imekwama: Nisaidieni. Mdomo unauma nikifika juu. Nibadilishe kile kidude cha mdomoni?

Kiti cha Tatu: Chukua kipana, sauti inajaa. Usirudi nyuma.

Domo Kavu: Usimsikilize. Vacchiano, mpiga tarumbeta wa okestra ya New York, alikuwa na rundo la hivyo vidude, anabadilisha kulingana na muziki. Na wanafunzi wake aliwakaba zaidi kwenye kuhamisha ufunguo, yaani kusoma noti hii na kupiga nyingine. Huko ndiko kwenye kazi.

Tuba Tu: Au pumzika wiki. Ni bure.

Pumzi Fupi: Herseth alipata ajali ya gari 1952, meno na mdomo vikaumia vibaya. Akarudi kwenye kiti, akakaa mpaka 2001. Alianza 1948, pigeni hesabu.

Valvu Imekwama: Kwa hiyo nipumzike au nisipumzike?

Nyuma ya Pazia: Hesabu kwanza.