Mgonjwa wa kifafa na nyaya za utafiti kichwani: ridhaa yake ni ya hiari?

Mleta mada:
Wakuu, salaam. Mwaka 2005 Rodrigo Quian Quiroga, Itzhak Fried na wenzao walichapisha kwenye jarida la Nature utafiti wa wagonjwa 8 wa kifafa, walioonyeshwa picha huku elektrodi (vijiti vyembamba vya kunasa umeme wa ubongo, vilivyopandikizwa kichwani) zikirekodi seli za ubongo wao. Kwa mgonjwa mmoja, seli moja iliitika picha za mwigizaji Jennifer Aniston. Picha ikimwonyesha akiwa na Brad Pitt, mwigizaji aliyekuwa mumewe, seli kimya. (Hapo kila mtu ana nadharia yake.)

Kinachonikera ni hali ya yule aliyelala kitandani. Kawekewa elektrodi kwa sababu dawa zimeshindwa, ili ijulikane kifafa kinaanzia wapi na kama pale panaweza kukatwa. Dawa zinapunguzwa makusudi ili aanguke akiwa chini ya uangalizi. Katikati ya hayo anakuja mtu na kompyuta kumwomba msaada. Atakataaje, na daktari wake yumo humohumo kwenye utafiti?

Mchangiaji wa kwanza:
Mkuu, unawaonea. Fuvu limeshatobolewa kwa ajili ya tiba, uwepo utafiti usiwepo. Zile siku wodini mtu anaangalia dari tu akisubiri kuanguka. Na ukitumia panya badala ya mtu, ukamwonyesha picha, atakuambia kamkumbuka nani?

Mleta mada:
Si kila waya ni wa tiba. Kwenye elektrodi za Fried kuna nyaya nyembamba kuliko unywele zinazochomoza nchani. Ndizo zinazonasa seli mojamoja. Kutafuta chanzo cha kifafa kwa kawaida hakuzihitaji. Na Fried ndiye mpasuaji, ndiye mtafiti.

Mchangiaji wa pili:
Nina kifafa tangu shule ya msingi, na hapa mnaniongelea kama sipo. Mimi nikiombwa nitakubali. Maabara ya Edward Chang, mpasuaji wa ubongo wa San Francisco, Marekani, ilijifunza jinsi ubongo unavyoendesha matamshi kwa wagonjwa kama mimi. Mwaka 2021 mtu aliyepooza, asiyeweza kusema, akatokezewa na maneno yake kwenye skrini kwa kujaribu tu kuyatamka. Jambo kama hilo nataka niwemo.

Ila niulizwe kliniki, kabla sijalazwa, na mtu asiyeshika kisu, mdogo wangu akiwepo. Na siku niliyoanguka nisisumbuliwe hata kwa swali moja.

Mchangiaji wa kwanza:
Dada, la asiyeshika kisu nakuunga mkono. Lakini wodini ni wiki moja, pengine mbili. Ukiwanyima kila siku ya kuanguka, watabaki na siku ngapi?

Mchangiaji wa pili:
Zitakazobaki, kaka.