Baada ya kuanua tanga, wapenzi katika riwaya warudiane vipi?

Kalamu ya Bombo
Ndugu zangu, ninaandika riwaya ya mapenzi kuhusu Zubeda, mshonaji wa Bombo, na mumewe Ramadhani, dereva wa lori kati ya Mombasa na Kampala, waliofiwa na mtoto wao wa pekee mwenye umri wa miaka 7. Kwa kuwa ni Waislamu, tanga linaanuliwa siku ya tatu, jamaa wanatawanyika, naye Ramadhani anarudi barabarani kabla wiki haijaisha, na hapo ndipo wanapoanza kufarakana. Wanapatana katika sura ya 12 kwa mazungumzo ya usiku mmoja, lakini waliosoma mswada hawayaamini mapatano hayo. Ni nini kinachomfanya msomaji akubali kwamba waliotenganishwa na msiba wanaweza kupendana upya, bila kuhisi kwamba marehemu amesahauliwa ili hadithi iishe vizuri?

Msomaji wa Mbale
Mimi ningezitazama kwanza sura zinazotangulia usiku huo. Mwaka 1999 watafiti wa Uholanzi, Margaret Stroebe na Henk Schut, walieleza kwamba mfiwa huenda na kurudi baina ya mambo mawili: kuukabili msiba wenyewe, na kuyakabili maisha yanayoendelea, yaani kazi, madeni na nafasi mpya aliyoachiwa. Mke na mume hupitia yote mawili, ila si lazima kwa wakati mmoja. Zubeda, aliyekaa na sare ya mtoto mapajani, atamwona mume anayepanda lori kuwa hana moyo. Ramadhani, ambaye pengine hulia peke yake kwenye foleni ya malori mpakani Malaba, ataona analaumiwa kwa kutafuta riziki. Waandishi wengi wa mapenzi humpa mmoja haki na mwingine kosa, kisha humwombesha radhi mwenye kosa, jambo ambalo linanichosha. Wabadilishie zamu: Zubeda aanze tena kupokea kazi za kushona sare shule zinapokaribia kufunguliwa, wakati Ramadhani, aliyedhaniwa amekwisha poa, anashindwa hata kuwasha gari.

Binti wa Arua
Nakubali, ila mazungumzo yasiondolewe. Hadithi ya kwanza katika mkusanyo wa Jhumpa Lahiri, *Interpreter of Maladies* (1999), inahusu mume na mke wa Boston ambao mtoto wao alizaliwa akiwa amekufa. Kunatangazwa mgao wa umeme wa saa moja kila jioni kwa siku tano (giza ambalo mwandishi wa Uganda hahitaji kulibuni), nao wanaanza kuambiana walichofichana, kwanza mambo madogo, kisha mazito zaidi. Umeme unaporudi, mke anasema amepata nyumba nyingine, na mume anamfichulia jambo kuhusu mtoto ambalo mke hakutaka kulijua. Wanalia pamoja, na mwandishi hasemi kama ndoa imepona. Anayenunua riwaya ya mapenzi hatakusamehe mwisho huo, kwa hiyo chukua mpangilio wa kufichuliana kidogo kidogo, uache hitimisho.

Shangazi wa Jinja
Mwanangu, mawifi na mama mkwe wako wapi? Baada ya msiba hakosekani wa kusema "zaeni mwingine", tena kwa nia njema. Liweke hilo, lakini usiifanye mimba iwe ndiyo mpatanishi. Halafu, katika swali lako lote hukumtaja marehemu kwa jina.

Kalamu ya Bombo
Shangazi, anaitwa Hamza, na katika mswada jina lake linasikika siku ya mazishi tu. Nitaugawa usiku ule wa sura ya 12 kuwa simu za Ramadhani akiwa safarini, kutoka Mombasa, Nairobi, Eldoret hadi Malaba, kila simu na jambo lake, na Zubeda ndiye atakayekuwa wa kwanza kulitamka jina hilo. Je, mama mkwe awepo nyumbani simu zinapopigwa, au nimpeleke kwa binti yake Luwero?

Shangazi wa Jinja
Abaki, na chumba kiwe cha kuta nyembamba, kwa sababu bibi huyo naye amefiwa na mjukuu, na sijaona mtu katika riwaya yako aliyempa pole.