Aliangushwa na wapiga kura mwaka 2022, sasa analipwa kutupangia ada: sheria ya kuwazuia wajumbe wa zamani iko wapi?

Mimi ni katibu wa chama cha wafanyabiashara wa soko katika kaunti mojawapo ya magharibi mwa Kenya. Kaunti siitaji, wala wahusika siwataji, kwa sababu ninachokilalamikia kinamzidi mtu mmoja.

Mswada wa fedha wa kaunti ulipoletwa kwa maoni ya umma, tuliitwa ukumbini, kila kundi likapewa dakika chache, tukawasilisha memoranda yetu kuhusu ada za vibanda, tukatia saini daftari la mahudhurio, tukarudi sokoni. Siku hizohizo, aliyekuwa mwenyekiti wa kamati ya fedha ya bunge la kaunti hadi alipoangushwa katika uchaguzi wa Agosti 2022, na ambaye sasa ni mshauri wa kampuni inayotaka zabuni ya kukusanya ushuru, alikuwa akiingia katika ofisi za wajumbe bila hata kuulizwa kitambulisho langoni, huku kila anayekutana naye akimwita mheshimiwa. Ripoti ya kamati ilipotoka, maoni yetu yalikuwa yamepewa sentensi moja (jina la chama lenyewe limekosewa), na ada tulizozipinga hazikuguswa. Sidai kwamba alimhonga mtu. Kinachoniudhi ni kwamba hakuwa na haja ya kuhonga: makarani ni walewale aliowaacha, na wajumbe kadhaa aliketi nao katika kamati hiyohiyo.

Kuna watakaoniambia kwamba sheria ipo. Ni kweli kwamba Sheria ya Uongozi na Uadilifu ya 2012, katika kifungu cha 28, ilimkataza afisa wa serikali aliyeondoka madarakani kumtumikia mtu au kampuni katika jambo alilolishughulikia akiwa ofisini, kwa muda usiopungua miaka miwili. Lakini hebu tuusome mstari huo jinsi wakili wake atakavyousoma. Mswada wa fedha huwa mpya kila mwaka. Kwa hiyo mheshimiwa atajibu, bila kupepesa macho, kwamba mswada wa mwaka huu hakuwahi kuushughulikia. Tena miaka hiyo miwili, kwa mtu aliyeondoka Agosti 2022, ilikwisha Agosti 2024, ilhali wajumbe aliowaacha ndani wana muhula wa miaka mitano. Kizuizi kinachokwisha kabla ya muhula kufika nusu kinamzuia nani?

Katiba nayo, katika Kifungu cha 77, inamkataza afisa mstaafu anayelipwa pensheni ya umma kushika zaidi ya nyadhifa mbili zenye malipo katika mashirika ya serikali. Walioiandika waliona tamaa ya vyeo vya umma, na walifanya vyema kuidhibiti, lakini kwa kampuni za kibinafsi zinazomtaka mstaafu huyo kwa sababu ya watu anaowafahamu, kifungu hicho hakina la kusema. Hata sasa, baada ya Sheria ya Mgongano wa Maslahi kutiwa saini Julai 2025, mimi mwananchi sina daftari la wazi ninaloweza kulifungua nikasoma ni nani amelipwa, na nani, ili amshawishi mjumbe yupi kuhusu mswada upi.

Wenzetu Wakanada wanawazuia wabunge wao wa zamani kufanya kazi ya ushawishi kwa miaka mitano. Marekani, kwa sheria ya 2007, iliweka miaka miwili kwa maseneta na mmoja kwa wajumbe wa Baraza la Wawakilishi, lakini ikaacha mwanya ambao sisi tusiuige: huko aliyeondoka hukatazwa kuwaendea wenzake ana kwa ana, huku akiruhusiwa kukaa nyuma ya pazia na kumwelekeza mwingine aende. Kwa mabunge yetu ya kaunti, ambako Kisumu ina wadi 35 na hata Nakuru ina 55 tu, mtu wa kutumwa hapatikani kwa shida.

Nimekwisha kuambiwa kwamba ninataka kumnyima mtu riziki na haki yake ya kutoa maoni. Sivyo. Kifungu cha 37 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kuwasilisha malalamiko kwa mamlaka za umma, naye anayo kama sisi. Aje ukumbini, apange foleni, aandike memoranda yake, aseme waziwazi anamsemea nani na analipwa na nani. Asichostahili ni kuuza kwa kampuni heshima aliyokopeshwa na wapiga kura wa wadi yake, ambao wameshaidai irudi.

Kifungu cha 15 cha Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 kinaturuhusu kupeleka ombi rasmi katika bunge la kaunti, na chama chetu kinaliandaa. Tunataka kizuizi kiwe cha muhula mzima wa miaka mitano, kihusu ushawishi wote wa kulipwa, uwe wa ana kwa ana au wa kumtuma mtu, na kila mkutano wa kamati na mshawishi uandikwe katika daftari linalosomwa na umma. Tutaliwasilisha kwa karani na kudai nakala iliyopigwa muhuri wa kupokelewa.